Mshika Taa wa Turufani

Jaffari Mhina hakukubali taa iwe nyuma yake. Hicho ndicho kilichokuwa kituko chake, na sisi wafanyabiashara tuliomtumia kama mkalimani pale Guangzhou tulikicheka mpaka tukakizoea. Ukiingia naye Shisanhang, kwenye yale maghorofa ya nguo za jumla yenye taa kila hatua, yeye hutembea upandeupande, bega ukutani, macho sakafuni, anatafuta kivuli chake kimeangukia wapi. Kikimtangulia, anasimama. Atajifanya anapapasa kitambaa cha suruali, atageuka, atazunguka meza, mpaka kivuli kikae nyuma yake ndipo aendelee. Mumbua, dada wa Nairobi niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, alimchokoza waziwazi.

"Mwalimu, hiyo shadow si ni yako tu? Ama ulimwibia mtu?"

Jaffari hutabasamu kidogo.

Mimi ni Swalha, mzaliwa wa Mkunazini, Unguja, na sikuumbiwa ulimi wa kufungwa. Aprili ya mwaka 1998 nilikuwa China kwa safari yangu ya tano, natafuta mapazia na nguo za watoto za kupeleka Dar. Mtu akinificha jambo nawashwa mwili mzima. Ndiyo maana habari ya Jaffari niliipata mimi na si mwingine, na zipo siku natamani ningeiacha ilipokuwa.

Alikuwa mtu mwema, nianze na hilo. Kwao ni Mombo, bonde la mpunga chini ya milima ya Usambara, na baba yake alikuwa mgawa maji wa mfereji wa kijiji. Serikali ilimpeleka China mwaka 1984 kusomea umwagiliaji. Akajifunza Kichina cha kuwashangaza wenyewe, masomo yakaishia njiani, nyumbani hakurudi. Sisi tulipoanza kumiminika Guangzhou kununua bidhaa, yeye akawa mdomo wetu. Laoban, yaani bosi wa duka, akisema "meiyou", hakuna, na kutupungia mkono tuondoke, Jaffari anarudi kwa upole mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mzigo unatoka stoo. Hakumdanganya mteja hata siku moja. Hakuoa. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, nywele zimemtoka zote kichwani, na usingizi wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa wa kusinzia tu.

Kituko chake cha pili hakikuwa cha kuchekesha. Karibu na msikiti wa zamani palikuwa na mkahawa mdogo wa halali, wa tambi za kuvutwa kwa mkono na nyama ya kondoo. Wote tulikula pale, na Jaffari, asiyekosa sala, alikuwa mteja wao wa siku nyingi. Lakini tangu mwaka mpya wa Kichina hakanyagi tena. Tunaingia sisi, yeye anabaki ng'ambo ya barabara na ndizi mbili mkononi, kageukia ukuta.

"Umegombana nao?" nilimwuliza.

"Sijagombana na mtu, da Swalha. Tumbo tu."

Tumbo gani hilo linalokubali ndizi likakataa supu? Nikaliweka moyoni.

Basi Guangzhou mwezi ule ilikuwa katika msimu wake wa kutoka jasho. Asiyeuona hataamini. Hewa inalowa, kuta zinatiririka maji ndani ya nyumba, vioo havionyeshi sura, na nguo uliyofua Jumatatu unaivaa mbichi Ijumaa. Mchana mmoja wa namna hiyo niliingia mkahawani peke yangu. Wenzangu walikuwa wamekwenda kwenye maonyesho ya biashara, na Jaffari alikuwa ananisubiri nje kama kawaida yake. Msichana aliyekuwa akihudumia akaja akaketi mbele yangu bila kuombwa. Jina lake Patigul, umri wake kama miaka ishirini, kitambaa cha maua kichwani. Alikuwa mgeni pale, amefika tangu mwaka mpya wa Kichina, ametoka mbali sana, magharibi, jangwani, safari ya siku nne kwa treni. Akafuta meza vizuri, akaifuta tena, kisha akaweka picha juu yake.

Ilikuwa picha ya watu watatu wamesimama kwenye mdomo wa kisima, nchi kame nyuma yao. Mwanamume mfupi mwenye mabega mapana na kofia ya nakshi. Mtoto wa kike amemshika suruali. Na kijana mweusi, mrefu, nywele zimefumka, kashika taa ya mafuta na anacheka, mapengo mawili ya mbele wazi.

Kichina changu ni cha sokoni, lakini Patigul alinisemea taratibu na kwa mikono, nikaelewa. Yule mfupi ni baba yake, Usta Semet. Usta kwa lugha yao ni fundi. Mwaka 1987 aliingia chini ya ardhi kuchimba njia ya maji, ardhi ikaporomoka, hakuonekana tena, wala mwili wake haukuonekana. Mtu wa mwisho kuwa naye ni huyu mweusi. Sasa wamepata pampu, na mwisho wa mwezi wa tano wazee wa kijiji watalifukia lile shimo. Mama yake, ambaye kwa miaka kumi na moja hana kaburi la kwenda kuomba dua, amemtuma aende popote wanapokusanyika Waafrika, amtafute mtu huyu kabla udongo haujamwagwa. Amwulize jambo moja tu: alimwacha wapi?

"Unamjua?" akaniuliza. Kwa alivyouliza, niliona ameshawauliza wengi.

Ningesema nini? Zile nywele hazikuwapo tena, lakini yale mapengo mawili ya meno ya mbele yalikuwa ya mtu aliyekuwa ng'ambo ya barabara wakati uleule, anamenya ndizi.

Nilitoka nikavuka na picha mkononi. Patigul akanifuata mpaka mlangoni, akasimama. Jaffari aliitazama ile picha kwa muda ambao ungetosha kuhesabu kila jiwe lililomo.

"Si mimi huyo," akasema kwa Kiswahili. Kisha akainua uso, akamwona msichana, akarudia kwa Kichina, kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Ndizi ikamdondoka. Akaondoka kwa hatua za haraka, upandeupande, akikwepa hata taa za maduka.

Nilikasirika, na nikikasirika nina miguu. Nilimfuata mpaka kwake, chumba cha chini kwenye uchochoro nyuma ya Shisanhang. Mlango ulikuwa wazi. Madirisha alikuwa ameyaziba kwa maboksi, na mwanga wote wa chumba ulikuwa balbu moja aliyoifunga kwenye ukuta unaotazamana na kitanda. Nilimkuta amechuchumaa na taulo, anafuta maji ukutani na kuyakamulia kwenye beseni. Beseni lilikuwa karibu kujaa.

"Kule, tone hili lingekuwa na mwenyewe," alisema bila kugeuka.

"Kule wapi?"

"Turufani."

Akanisimulia, na muda wote aliongea na ukuta. Mji ule, alisema, umekaa shimoni, chini kuliko bahari, katikati ya jangwa. Kiangazi mchanga wake unaivisha yai. Mvua hainyeshi. Na bado ni mji wa wakulima tangu enzi na enzi: zabibu, matikiti, pamba. Siri yake ni karezi. Theluji ya milimani ikiyeyuka, maji huzama ardhini, basi wazee wao wakayafuata hukohuko chini. Wakachimba njia kwa mikono, gizani, kisima baada ya kisima, kutoka vilimani mpaka mashambani, ili maji yafike bila kuonana na jua. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na zamu inarithiwa. Zabibu nazo hawazianiki juani. Huzining'iniza kwenye nyumba za matofali zenye matundu kuta nzima, ndani giza, na upepo ukazikausha humo. Joto likizidi, watu wenyewe hushuka kuishi vyumba vya chini.

"Kila chenye uhai kule kinakaa chini," Jaffari akasema. "Juu watu wanapita tu."

Pembeni mwa mashamba kuna mji mwingine, mji mfu. Kuta za udongo, milango, mitaa, mahekalu, na hakuna hata paka. Misafara ya zamani ililala pale, wafalme wakaja wakaenda, kisha watu wakahama na kuuacha umesimama. Hapo kale wakulima waliuvunja ukuta baada ya ukuta, wakaubeba kwa mikokoteni na kuumwaga mashambani, maana udongo uliokaliwa na watu una rutuba. Wafu waliozikwa jirani na pale hawaozi. Hukauka tu, nyusi zao zipo, kucha zao zipo.

"Nilikula tikiti lao, da Swalha. Sijapata kula tikiti tamu namna ile. Nilipomaliza ndipo Usta Semet akanionyesha mbolea yao ilitoka wapi zamani."

Alipelekwa Turufani na chuo, kwa mafunzo ya vitendo, msimu mmoja. Akapanga kwa Usta Semet, mchimba karezi aliyesifika mji mzima. Na hapa ndipo nilipoelewa habari ya taa.

Chini kule huoni unakokwenda, na ukipinda kidogo tu hukutani na kisima cha mbele, maji yanapotea, na zabibu za watu zinakauka. Kwa hiyo taa hutundikwa nyuma ya mchimbaji, kwenye kigingi, katikati kabisa ya mgongo wake. Kivuli chake kinaanguka mbele, juu ya udongo. Yeye anachimba palepale kwenye moyo wa kivuli chake. Kivuli kikiwa katikati, njia imenyooka. Mchimbaji hageuki nyuma kuangalia. Kazi ya taa ni ya mshika taa, na katika kijiji kile wakitaka kumsifu mtu husema, huyu anaweza kukushikia taa.

"Nami nilikuwa na daftari," Jaffari akasema.

Chuo kilitaka ripoti, yenye michoro. Taa ikiwa katikati, kichwa chake mwenyewe kilimzibia mwanga, hakuona anachoandika. Akang'oa kigingi, akakihamishia upande wa kulia, dhiraa moja tu, juu ya kijishimo alichokaa. Kivuli cha Usta Semet kikasogea kushoto. Usta Semet akakifuata. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Jaffari aliandika vizuri sana siku zile tano. Siku ya sita alikuwa amevuta kapu la udongo kurudi kisimani ndipo alipousikia mshindo nyuma yake. Vumbi likamfikia. Na kitu cha kwanza alichofanya, kabla ya kupiga kelele, ni kukirudisha kigingi katikati.

Juu wazee walimwuliza swali moja. Taa ilikuwa mahali pake?

"Nikasema, ilikuwa mahali pake."

Wakashuka kumtafuta, na njia yote ya siku zile ilikuwa imefukiwa. Walichimba sawasawa kwenye mstari ulionyooka, kutoka kisima hiki mpaka kisima kile, kwa sababu walimwamini Usta Semet. Mtu kama yule asingeweza kupinda. Hawakumkuta. Wengine wakasema amechukuliwa na wasioonekana. Wengine, wale wasiokosekana, wakasema alikuwa mlevi na alipinda mwenyewe. Mkewe akaishi na maneno hayo. Jaffari akarudi chuoni, akashindwa kuandika hata mstari mmoja wa ripoti, wakamfukuza.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, sijui nianze na tusi lipi. Ndipo Jaffari akainua kidole.

"Unasikia?"

Nilisikia. Chini ya sakafu, mbali, kitu kinagonga. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya.

"Wanachimba njia ya treni ya chini," nikasema. Na kweli walikuwa wanachimba, mji mzima ulikuwa mashimo.

"Mashine haipumziki, da Swalha. Huyu anapumzika."

Akaweka kiganja sakafuni. Sijui kwa nini nami niliweka changu. Vigae vilikuwa vimelowa, na vilitetemeka chini ya vidole vyangu, mara tatu, vikatulia. Ilikuwa saa tisa mchana, nje watu wanapita na mikokoteni, nami niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nizaliwe.

"Sikiliza," nilimwambia nikiwa tayari mlangoni. "Yule mama hana kaburi. Wewe peke yako unajua njia ilipinda upande gani. Kesho unakwenda kumwambia binti yake, ama nakwenda mimi na Kichina changu kibovu, nami sitakupamba."

"Nikisema, watajua niliwadanganya."

"Ulishawadanganya. Kilichobaki ni wao kumzika mtu wao."

Alikuja. Nilidhani hatakuja, lakini kesho yake, wakati mkahawa unapofungwa baada ya chakula cha mchana, nilimwona amesimama mlangoni, mgongo kwenye mwanga wa barabarani, kivuli chake kimemtangulia mpaka ndani, na hakukikwepa. Patigul alikuwa anakunja vitambaa. Jaffari alianza kusema kwa Kichina, na kwa mazoea ya kazi, kila baada ya sentensi mbili alinigeukia akatafsiri kwa Kiswahili. Alijitafsiri mwenyewe. "Nimemwambia nilihamisha taa. Nimemwambia nilihofia kufukuzwa." Sauti ileile anayoitumia kuniambia rangi ya pazia haitoki.

Patigul hakulia. Alitikisa kichwa.

"Anasema baba yake asingepinda," Jaffari akasema.

Basi akaomba bakuli, mafuta na utambi wa pamba. Tukashusha mlango wa chuma, tukavuta mapazia, tukasogeza meza. Akafunga uzi kutoka mlangoni mpaka mlango wa jiko, hiyo ndiyo njia iliyonyooka. Akawasha utambi na kushika bakuli katikati ya mgongo wa Patigul. Kivuli cha msichana kikaanguka sawasawa juu ya mlango wa jiko. Kisha Jaffari akasogea kulia, dhiraa moja. Kivuli kikateleza kushoto, kikapanda ukuta uliolowa.

"Kifuate," akamwambia. "Usinitazame mimi."

Patigul akapiga hatua. Jaffari nyuma yake na bakuli, daima kidogo upande wa kulia. Hatua nyingine. Mimi nilikuwa napiga alama ya chaki sakafuni kila mguu ulipokanyaga, na ninachokisema hapa nakisema kama nilivyokiona. Patigul ni mwembamba, mabega yake ni ya mtoto. Kivuli kilichokuwa ukutani kilikuwa na mabega mapana. Nikasema ni moto unayumba. Nikasema ni maji ya ukutani. Mikono ya msichana ilikuwa imeshuka ubavuni, naiona, vidole vyake vimeshika gauni. Mkono wa kivuli ulipanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Chaki ilinikatikia mkononi. Nilipotazama tena, Patigul alikuwa ameufikia ukuta wa kushoto na kuuegemezea paji la uso, na kivuli kilikuwa chake.

Jaffari akazima utambi. Nikafungua mlango wa chuma mwenyewe, kwa nguvu, nikavunja ukucha.

Walichora ramani siku ileile: kutoka kisima cha saba hatua ngapi, halafu kushoto kwa kiasi gani. Patigul akapiga simu kwenye duka la kijijini kwao, lenye simu pekee, akasoma ramani kwa sauti mara nne kwa lugha yao. Jaffari alisimama kando, akisahihisha.

Siku tisa hatukusikia lolote. Jaffari alifanya kazi zake, akanipatia mapazia mazuri, akaanza tena kula mkahawani kwenye meza ya pembeni. Nilimwona amelegea kidogo, nikaona uso wake wa kwenye ile picha ulivyokuwa. Nami nikapoa. Nilijisifu moyoni, nikajiona nimefanya jambo la maana, niseme ukweli.

Siku ya kumi Patigul alituita sote wawili. Alikuwa amevua aproni. Akasimama mbele ya Jaffari na kusema kwa Kichina, polepole, na Jaffari akatafsiri.

"Anasema wamempata. Ramani ilikuwa sahihi."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Anasema hakufa na ardhi. Iliporomoka nyuma yake. Anasema mbele ya pale nilipomwacha kuna njia nyingine, hatua kumi na moja. Aliichimba baadaye, mwenyewe, bila taa."

 Patigul akasubiri amalize, kisha akaendelea, na Jaffari akaendelea kutafsiri.

"Anasema bila taa hakuwa na kivuli cha kumpoteza. Alichimba kurudi kulia, na hiyo imenyooka. Alikuwa amebakiza kiganja kimoja afike kwenye njia ya wale waliokuwa wakimtafuta. Kiganja kimoja cha udongo. Anasema mzee aliyekuwa akishika kamba angali hai, na amesema siku ya tatu walisikia kitu kinagonga upande wa kushoto. Mara tatu, kimya. Wakaniuliza tena kuhusu taa. Nikajibu ilikuwa mahali pake. Basi wakasema, kama taa ilikuwa mahali pake, kushoto hakuwezi kuwa na mtu. Wakasoma Yasini, wakaondoka wakiogopa."

Alitafsiri yote, hakuruka neno, jasho likimchuruzika kama kuta za mji ule.

"Na wewe ulikuwa umeusikia?" nilimwuliza. "Huo mlio wa kugonga?"

"Nilikuwa wa kwanza kuusikia, da Swalha. Nilikuwa chini pamoja nao."

Sikuwa na tusi. Patigul akasema sentensi moja zaidi, na Jaffari akaitafsiri ikiwa nzima.

"Anasema hawajamtoa. Mama amekataa mtu mwingine asimguse. Anasema aliyeingia naye ndiye atakayetoka naye."

Waliondoka wote wawili Jumamosi kwa treni. Niliwapeleka stesheni na mkate na mayai ya kuchemsha. Jaffari alitaka kunipa mkono, nami nilijifanya nimeshika mizigo.

Patigul alirudi Guangzhou mwezi wa nane, kukusanya vitu vyake, akanikuta katika safari yangu ya sita. Hatukuwa na mkalimani, tulielewana hivyohivyo. Jaffari alishuka asubuhi na taa, peke yake, kijiji kizima kimesimama kwenye mdomo wa kisima. Alikaa chini muda mrefu. Alipotoka alikuwa amembeba Usta Semet mikononi, amekauka, mwepesi, nyusi zake zipo, vidole vya mkono wa kulia havina kucha. Mbele ya watu wote Jaffari alisema taa ilikuwa wapi, na kwamba siku ya tatu aliusikia ule mlio wa kugonga akanyamaza. Hakuna aliyempiga. Usta Semet walimzika kabla ya alasiri, na kesho yake asubuhi wazee wakaja mmoja mmoja kumwomba radhi mjane kwa maneno ya ulevi.

Lakini turudi kwenye alasiri ya maziko yenyewe. Mama yake Patigul alimkaribisha Jaffari ndani, kwenye kile chumba cha chini alichowahi kulala akiwa mwanafunzi, akamtandikia zulia. Akammiminia chai yeye wa kwanza, kabla ya wazee, kama mgeni wa heshima. Kisha akamwambia, ukimaliza kunywa, ondoka, na usirudi katika mji huu.

Patigul anasema Jaffari alikishika kikombe kile kwa mikono miwili tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi, akinywa kidogokidogo, na hakuna aliyemharakisha.